Uzi: Wasanii wanawake tulio nchi tofauti, kazi ya pamoja idumuje baada ya warsha kwisha?

RangiKitambaa (mwanzisha uzi), Dar es Salaam

Wadada, wamama na wote mnaopita humu, salaam.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu. Wasanii wanawake tunakutanishwa kwenye warsha Dar, Nairobi, Kampala au Ulaya. Wiki nzima tunachora, tunashona, tunaimba, tunakula pamoja. Siku ya kuagana linafunguliwa kundi la WhatsApp. Mwanzoni linachangamka hadi simu inaisha chaji. Baadaye zinabaki salamu za Idi na Krismasi, halafu matangazo ya biashara, halafu kimya. Kazi tuliyoahidiana haikuwahi hata kuanza.

Mimi ni mchoraji wa vitambaa. Nafanya kazi na wenzangu walioko Mombasa, Maskati na Uingereza, ni miaka sasa, na hatujawahi kukaa wote kwenye chumba kimoja. Ninachoamini, na niko tayari kukitetea humu, ni kwamba ushirikiano wa mbali hubebwa na kazi ndogo inayozunguka kwa tarehe inayojulikana, kazi ambayo mtu ataimaliza hata kama nyumbani ana mgonjwa au mtoto mchanga. Maonyesho, ruzuku na safari vikija vinakuta kazi ipo. Tukianza na ruzuku, siku inapoisha na sisi tumekwisha.

Wapo waliotutangulia. Mwaka 1975, huko Uingereza, Kate Walker alikuwa London na rafiki yake Sally Gollop akahamia Isle of Wight, kisiwa cha kusini. Wakaanza kutumiana kazi ndogo za sanaa kwa posta, kwa vitu vya nyumbani: vitambaa, nyuzi, makopo, chochote kilichopatikana jikoni. Ukipokea, unajibu kwa kazi nyingine. Wanawake wengine, wengi wao wakiwa na watoto na bila studio, wakaingia, na mtandao huo ukaja kujulikana kama Feministo. Mwaka 1977 kazi zao zilioneshwa kwenye kituo cha sanaa cha ICA, London. Bahasha zilitangulia, ukumbi ukafuata.

Mfano mwingine ninaourudia kila mara ni Womanifesto, mtandao wa wasanii wanawake ulioanzia Thailand. Mbegu yake ni maonyesho ya mwaka 1995 yaliyoitwa Tradisexion. Mwaka 1997 wakina Varsha Nair, Nitaya Ueareeworakul na wenzao waliwakusanya wasanii wanawake wa nchi mbalimbali Bangkok. Mwaka 2001 wakaacha kumbi za jiji, wakaenda kukaa kwenye shamba la Boon Bandarn, mkoa wa Si Saket, wakifanya kazi pamoja na mafundi wa kule kijijini. Mwaka 2003 hawakukusanyika popote: walipokea michango kutoka nchi nyingi wakaitoa kama kisanduku cha kadi. Mwaka 2005 kazi ikahamia kwenye tovuti. Mwaka 2008 wakarudi shambani. Mwaka 2020 Uviko ulipofunga mipaka, kila mmoja alikusanya watu wa karibu naye, wa India kule kule, wa Australia kule kule, na wakawa wanaonana kwenye skrini Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mwaka 2023 Bangkok Art and Culture Centre ikafanya maonyesho ya safari yao nzima.

Hawa wanawake hawakung'ang'ania umbo moja. Nguvu ya kukutana ikiwepo, wanakutana. Isipokuwepo, wanatafuta umbo linalolingana na nguvu iliyobaki, hata kama ni kadi ndani ya kisanduku. Sisi wengi wetu tunasema "tusubiri ufadhili", na hapo ndipo tunapofia.

Karibuni. Naomba tuzungumze mambo ya vitendo: posta, pesa, muda, haki za kazi.

UdongoMwekundu, Kampala

Asante dada. Nafinyanga vyungu, kwa hiyo nina swali. Ninyi kwa kweli mnazungusha nini? Mimi siwezi kutuma chungu Maskati kila mwezi.

RangiKitambaa

Swali zuri. Sisi tunazungusha vipande vya pamba vya sentimita 30 kwa 30. Kila mmoja anaanzisha chake, anakituma kwa mwenzake, mwenzake anaongeza na kupeleka mbele. Kikirudi kwa aliyekianzisha kimepita mikono yote. Kitambaa hakivunjiki, hakihitaji fremu, kinakunjika ndani ya bahasha. Tuliamua ukubwa kwa kufuata bahasha.

Sheria yetu iliyozua mabishano makali ni hii: anayepokea anaruhusiwa kufunika alichofanya mwenzake. Mwanzoni watu waliumia. Mtu amedarizi maua kwa wiki mbili, mwenzake anayapaka nila juu. Lakini bila ruhusa hiyo kila mmoja anatafuta kakona kake asimuudhi mtu, na mwisho mna viraka vinne vilivyokaa jirani. Tukaongeza sharti kwamba kabla ya kufunika unapiga picha nzuri, na picha hiyo ni sehemu ya kazi.

Kwa chungu, dada, usitume chungu. Mwenzako akutumie kiganja cha udongo mkavu wa kwao, au mchoro wa nakshi uuchonge kwenye udongo wa Uganda. Jiulize ni sehemu gani ya kazi yako ina uzito mdogo, hiyo ndiyo isafiri. Ila udongo ulizie kwanza forodhani, nchi nyingi zinauzuia kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Nakshi haina kizuizi.

Bi_Maskati

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni mtu mzima, asili yetu Unguja, nashona kofia. Anayevaa haijui kazi iliyomo: kila kitobo kwenye ile nakshi kimezungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja ya maana inachukua wiki nyingi. Kofia za Oman na kofia za kwetu Unguja, Lamu na Ngazija ni ndugu, na kwa miaka mingi wanawake wamekuwa wakishona nyumbani na kupokezana nakshi bila hata kujuana sura.

Sasa nina dada zangu wawili Unguja. Nakshi naichora kwenye karatasi ya viboksi, naipiga picha, naituma. Wao wanashona kipande cha kuzunguka kichwa, mimi nashona kipande cha juu. Kinachotuunganisha ni vipimo tu. Kipimo kikikosewa hata kidogo vipande havikutani. Kwa hivyo nawaambia vijana, kabla ya kuzungumza mapenzi ya sanaa, kubalianeni vipimo, aina ya uzi na namba ya sindano. Tena nunueni uzi wa fungu moja mgawane, kwani weupe hautofautiani kwenye picha lakini hutofautiana juani.

RangiKitambaa

Shikamoo bibi. Hilo la uzi wa fungu moja nalichukua leo hii. Sisi tumeteseka na rangi zisizolingana, kila mtu akiamini simu yake.

Kivu_Sauti, Bukavu

Mi ni mwimbaji, na kwetu muziki ndio unasafiri. Watu hudhani mtaimba pamoja kwa Zoom. Haiwezekani. Sauti ikichelewa kupita milisekunde kama 30 hivi, mapigo yanaachana, na intaneti ya kwetu inachelewa zaidi ya hapo. Tunachofanya, mmoja anarekodi wimbo wa kuongozea wenye mapigo ya metronomu, yaani mlio wa kuhesabia mapigo, wengine wanarekodi juu yake, kila mtu kwake, usiku watoto wakilala. Faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana WhatsApp inabana sauti mpaka haifai kuchanganywa. Hata picha, mkizituma kama picha za kawaida zinapunguzwa. Zitumeni kama dokumenti.

Mfano wangu mimi ni Les Amazones d'Afrique, kundi la waimbaji wanawake. Walianza Bamako mwaka 2014, Oumou Sangaré, Mamani Keïta na Mariam Doumbia. Albamu ya kwanza ikatoka 2017, ya pili 2020, ya tatu 2024, na waimbaji wamekuwa wakibadilika: Angélique Kidjo wa Benin alipita, Nneka wa Nigeria alipita, Fafa Ruffino, Kandy Guira wa Burkina Faso na wengine wakaja. Jina limebaki, mlango uko wazi. Na sisi wa Bukavu hatutasahau kwamba mapato ya wimbo wao wa mwanzo walielekeza kwenye taasisi ya Panzi ya hapa kwetu, ambako daktari Mukwege na wenzake wanatibu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Ni wanawake wa Afrika Magharibi wengi wao, lakini walituona.

Ila tuseme ukweli: wale wana lebo, kampuni ya muziki ya Real World, wana prodyuza anayepokea vipande na kuviunganisha. Kila kundi la mbali linahitaji mtu wa kazi hiyo, na apewe malipo. Kwetu alikuwa ni dada mmoja wa Kigali aliyefanya bure hadi akachoka, na alipojitoa tulipoteza na mafaili.

Jingine. Waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Wenzangu wa nje hawakunitoa kwenye ratiba. Waliacha nafasi yangu wazi kwenye wimbo, kwenye mstari wa pili, wakaendelea na mingine. Nilipopata utulivu niliiimba. Kundi lingeweka mtu mwingine mahali pangu nisingekasirika, lakini sidhani kama ningerudi.

RangiKitambaa

Pole sana dada yangu, na asante kwa kutuandikia. Hilo la kuacha nafasi wazi ni la kuandikwa kwenye makubaliano ya kila kundi. Kuna mwenzetu aliuguza mama yake karibu mwaka mzima. Tulimtumia picha za vitambaa bila kumwuliza lini anarudi. Vya kwake vilisubiri.

Nje_Leeds

Mimi ni mmoja wa wenzake RangiKitambaa, mzaliwa wa Tanga, niko Uingereza. Niongeze upande wa posta na saa.

Posta: paketi ndogo ya barua haizidi kilo 2, na ndiyo njia ya bei nafuu. Kama thamani ni ndogo kunajazwa fomu ya forodha ya CN22, ikiwa kubwa CN23. Andika ukweli na andika kwa kueleweka: "kitambaa kilichopakwa rangi kwa mkono, si cha kuuzwa". Ukiandika "sanaa" peke yake afisa wa forodha anafikiria milioni. Hapa Uingereza zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi ya ongezeko la thamani ikiingia, Umoja wa Ulaya ni yuro 45. Lakini kitu mlichokiuza kisiitwe zawadi. Mkikamatwa mnaharibu njia kwa wote. Na tumeni kwa rejista, risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo.

Saa: Maskati iko mbele ya Dar na Mombasa kwa saa moja. Sisi tuko nyuma yenu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, kwa kuwa huku saa inabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kila mwaka Jumapili hizo mbili zilitugombanisha hadi tukaamua muda wetu uwe wa Dar siku zote, sisi wa nje ndio tuhesabu.

Sasa la pesa, na hapa nitapingana na dada yangu hadharani kama tunavyopingana faraghani. Yeye anataka malipo sawa kwa wote. Kodi ya nyumba yangu kwa mwezi ni zaidi ya anavyolipa kwa miezi mingi. Malipo sawa kwangu ni hasara.

RangiKitambaa

Karibu ndugu yangu, nilijua utafika.

Niieleze ilivyo ili wengine wapime. Ruzuku nyingi zinataka taasisi iliyosajiliwa na akaunti ya benki ya Ulaya. Kwa hiyo mwombaji anakuwa mwenzetu wa Ulaya, na kabla hatujachora mstari mmoja, tayari kuna mwenye mradi na kuna washiriki. Bajeti inaandikwa na yeye, ripoti inaandikwa na yeye, na kwenye tangazo jina lake linakaa juu. Sisi tunaitwa "wasanii wa ndani". Nimepita kwenye mradi ambao siku ya kazi ya msanii wa Ulaya ilihesabiwa mara kadhaa ya siku yangu, kwa kisingizio cha "viwango vya nchi". Rangi ninazonunua zinatoka huko huko Ulaya, na huku nazilipia zaidi kwa sababu ya usafiri na ushuru. Bando la kupandisha mafaili nalilipa mimi. Umeme ukikatika nakodi jenereta. Hicho kiwango cha nchi kinahesabu nini?

Tulichokubaliana sisi wanne, na ndugu yangu anakumbuka, ni kwamba siku ya kazi ina bei moja. Gharama za maisha na za kazi, kodi ya nyumba kwake, rangi na bando kwangu, zinaandikwa kwenye fungu lake kando na kila mtu anaziona. Kwa hiyo yeye anapata zaidi mkononi mwaka huu na mimi sina kinyongo, kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba siku yake ina thamani kuliko yangu. Bajeti yote iko kwenye jedwali ambalo sote wanne tunaweza kulifungua.

Halafu kabla ya malipo ya msanii yeyote tunatoa kwanza bando, posta na malipo ya anayetunza mafaili. Hivyo vitatu vikikosekana kazi inasimama hata kama kila msanii amelipwa.

Nje_Leeds

Sawa, kwa fungu la kando nakubali. Nilikuwa naogopa watu watasoma "malipo sawa" wakaachia hapo.

Mpita_Njia

Samahani wakuu, mimi ni mwanaume, mchongaji. Haya yote yanawahusu wasanii wote. Kwa nini kundi la wanawake tu?

RangiKitambaa

Karibu kaka, swali lako ni halali. Mengi yanatuhusu sote, na uyachukue. Lakini nikupe mfano. Mikutano mingi ya mtandaoni ya wasanii hupangwa saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Saa hizo nani yuko jikoni? Kwenye makundi mchanganyiko niliyokuwemo, wanawake tulikuwa tunahudhuria tukiwa tumefunga kamera na sauti, sufuria iko motoni, na maamuzi yanapita. Sisi tumehamishia mkutano Jumamosi asubuhi, mara moja kwa mwezi, na maamuzi hayapiti kwenye mkutano. Yanaandikwa, kila mtu ana siku saba za kujibu kwa ujumbe wa sauti au maandishi. Ramadhani hatuna mkutano kabisa. Bibi wa Maskati atanielewa.

Pia kuna wenzetu ambao nyumbani wanaruhusiwa kufanya sanaa kwa sababu tu kundi ni la wanawake. Sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na sitawafungia mlango ili nionekane wa kisasa.

Bi_Maskati

Nakuelewa mwanangu, na Mwenyezi Mungu awape nguvu.

UdongoMwekundu

La mwisho kutoka kwangu. Mwenzenu akijitoa, au Mungu apishe mbali akifariki, kazi ni ya nani? Sisi tulikuwa na mchoro wa watu watatu, mmoja akauchapisha kwenye fulana akauza peke yake. Urafiki uliisha hapo.

RangiKitambaa

Pole dada. Hili watu hulikimbia kwa kuona aibu kuzungumza haki na marafiki, halafu linawamaliza.

Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kazi ya watunzi wengi inahesabiwa miaka 50 tangu afe wa mwisho wao. Kwa hiyo kitambaa chetu cha wanne kina wamiliki wanne, na warithi wao baadaye. Tanzania, Kenya na Uingereza zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo haki haipotei kwa kuvuka mpaka. Ila sheria haitawaambia nani anaruhusiwa kuchapa fulana. Hilo mliandike wenyewe.

Sisi tuna karatasi moja ya Kiswahili, kurasa mbili, kila mmoja kasaini na kuiskani. Imesema kipande kinabaki mikononi mwa aliyekianzisha, lakini hawezi kukiuza bila wote kukubali. Kikiuzwa, pesa inagawanywa kwa idadi ya mikono iliyopita. Majina yanaandikwa kwa mpangilio ule kitambaa kilivyosafiri, si kwa umaarufu. Picha, kadi, fulana na matumizi ya mtandaoni ya kibiashara yanahitaji ndiyo ya wote. Anayejitoa anabaki na haki kwenye vipande alivyogusa, na hadai chochote kwenye vinavyoanza baada yake. Kila mmoja kaandika jina la ndugu atakayejibu badala yake akifa, na ndugu huyo ameambiwa. Mafaili yote yako sehemu mbili, moja mtandaoni na nyingine kwenye diski ngumu ya mmoja wetu.

Mwezi Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, huku Tanzania hali ilikuwa mbaya na sikuweza kufungua chochote mtandaoni. Diski ile ilikuwa Mombasa, mwenzetu akamkabidhi mtu aliyekuwa anakuja Dar kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro, kazi ikaendelea.

Dada wa Kampala, kwenye huo mchoro wenu anzeni hata sasa. Muandikie huyo mwenzako, mwambie hutaki kesi, unataka mkae watatu muandike mauzo yaliyopita yagawanywe vipi na yajayo yaruhusiwe vipi. Akikataa kuandika, usianze naye kazi mpya. Nikutumie ile karatasi yetu kwenye ujumbe binafsi uibadilishe mnavyotaka?

UdongoMwekundu

Nitumie dada. Na hiyo nakshi ya kuchonga, kama kuna mtu humu wa Lamu au Unguja anataka kujaribu nami, udongo ninao tayari. Tuanze na kigae kimoja cha sentimita 15, tarehe mosi ya mwezi ujao.